Kichuri Siyo Kachumbari

Utumbo wa ng'ombe ukiununua kwa yule muuzaji wetu wa Chamazi unaupata bado una joto, na ndani yake kimo kila alichokula ng'ombe mwenyewe. Mie naununuaga Ijumaa. Siupendi, na ni bora niseme mapema, maana nimeishia darasa la saba na sijui kuzungushazungusha maneno. Utumbo unanitia kinyaa. Harufu yake inaganda kwenye kucha. Unanawa kwa sabuni, unanawa kwa ndimu, ukijikuna pua bado unaikuta.

Lakini nyama ya bucha kwetu ni ya sikukuu. Hela ya matumizi anayoiacha baba watoto juu ya kabati ni ya mboga ya siku hiyo, basi, ndiyo maana nikajitungia ratiba. Jumapili nachemsha maharage sufuria kubwa, Jumatatu nayaunga upya kwa nazi ili watoto wasiyatambue. Katikati ya wiki tembele, mchicha, dagaa. Ijumaa utumbo. Jumamosi papa mkavu, kama dada yangu amenitumia kifurushi kutoka nyumbani Lindi. Sijui kama ratiba yangu ni nzuri. Najua tu kwamba hatujawahi kulala njaa.

Kwa kuwa utumbo unanichefua, nimejifunza kuuosha kuliko mtu yeyote mtaani. Naupasua, yale majani mabichi ya ndani nayamwaga kwenye shimo nyuma ya choo huku nimeziba pua kwa kanga. Halafu maji ya moto, kisu, chumvi, majivu, ndimu, tena maji ya moto. Ile sehemu inayofanana na taulo naikwangua mpaka inakuwa nyeupe. Majirani wakiniona wanasema, "Utumbo wako hata mgonjwa anakula." Hiyo ndiyo sifa niliyokuwa nayo.

Basi akaja mgonjwa mwenyewe. Mama mkwe wangu alitoka Musoma kuja kutibiwa kifua. Hospitali wakampa dawa za muda mrefu, wakamwambia asiruke hata siku moja, na asizinywe tumbo likiwa tupu. Akiziacha katikati, ugonjwa utarudi na nguvu mpya. Maneno hayo niliyasikia mie, kwa sababu ndiye niliyempeleka. Baba watoto alikuwa kazini.

Tatizo likawa kula. Mama alikuwa anamega tonge mbili za ugali, anasukuma sahani kwa wajukuu, anasema ameshiba. Dawa anazimeza hivyo hivyo, baada ya muda anazitapikia kwenye ndoo. Nani anasafisha ndoo? Mie. Silalamiki, ilikuwa haki yake kusafishiwa. Nasema tu kwamba kwa mtu mwenye kinyaa kama changu, siku zile nilikuwa naishi na kichefuchefu kama mwenye mimba.

Jumamosi ya kwanza nikampikia papa kwa nazi. Kwetu mgeni ukimpikia papa umemheshimu. Mama akafunua bakuli, akarudisha kifuniko taratibu.

"Hiki kitu kimekojolewa na nani?"

"Ni papa huyo, mama. Samaki mkavu."

"Samaki namjua. Nimezaliwa ziwani. Samaki hanuki choo."

Watoto wakacheka mpaka wakapaliwa. Nilikasirika, lakini lazima niwe mkweli, papa mkavu ananuka mkojo. Sie tumezaliwa ndani ya harufu hiyo, ndiyo maana hatuisikii. Nikala peke yangu jikoni, na nikala sana.

Ijumaa iliyofuata nikasema sasa nitampata kwa utumbo. Niliuosha siku hiyo kama naosha nguo ya kanisani. Ukaiva, ukawa laini, mchuzi mweupe. Mama akaonja kijiko kimoja, akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, umefua hii?"

"Nimeosha, mama."

"Umefua. Imekuwa karatasi." Akaweka kijiko chini. "Ungeniwekea hata kichuri."

Hapo ndipo nilipojiaibisha. Mie neno hilo sikuwahi kulisikia. Nikadhani mama anatamka kwa lafudhi ya kwao, anataka kachumbari. Nikainuka mbio, nikakata nyanya, kitunguu, tango, nikakamulia ndimu, nikaweka na pilipili pembeni, nikampelekea na tabasamu.

"Kachumbari hii hapa, mama."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikawa nampiga mgongoni huku sijui kosa langu. Alipopumua akasema, "Sijataka majani ya kwako. Nimetaka majani ya ng'ombe."

Akanieleza. Kichuri ni ule ujani wa tumboni mwa ng'ombe, yale yale niliyokuwa namwaga nyuma ya choo. Unakamua maji yake ya kijani, unachuja, unachemsha pamoja na utumbo, mchuzi unakuwa mchungu. Uchungu huo ndio utamu wenyewe. Nikaomba ruhusa kwenda kuangalia moto, na moto nilikuwa nimeshauzima.

Jioni nikamuuliza baba watoto kama mama yake alikuwa ananitania. Akaangalia mlangoni kwanza.

"Achana na hayo, mama watoto. Ni mambo ya zamani."

"Wewe umeshakula?"

"Utotoni kila mtu anakula vitu."

"Kwa hiyo nimpikie?"

"Hapa mjini? Majirani watasema tunakula mavi."

Neno hilo alilitoa yeye, siyo mie. Nami nilikuwa nalifikiria, lakini nilipolisikia likitoka kwa mtu aliyelelewa na sufuria hiyo nikaona siyo haki. Mama alikuwa chumba cha pili, na ukuta wetu ni mwembamba. Kesho yake hakugusa hata uji. Akasema anataka kurudi kwake, dawa atamalizia huko. Nilijua hatamalizia.

Ijumaa nikaenda kwa muuzaji wa utumbo. Nilizunguka meza yake nikisubiri wateja wapungue, kama mtu anayetaka kununua bangi.

"Kaka, kichuri unacho?"

Akaacha kisu. "Sista, wewe si ndiye unayenisumbuaga nikukung'utie utumbo mpaka tone la mwisho?"

"Ndiye mie."

"Umeolewa kanda ya ziwa?"

"Miaka yote. Leo ndiyo nimejua."

Akacheka, akafunga kitu cha kijani kwenye mfuko, akafunga na mfuko wa pili. "Hii hatuuziani. Kila Ijumaa wewe njoo tu. Na usikiogope, kimetafunwa tayari."

Nilikibeba mkono umenyooka, mbali na mwili. Kinanuka zizi, nyasi zilizooza na kitu kingine kichachu ambacho sina jina lake. Nyumbani mama akakaa kwenye kigoda akiniongoza. Nilikamua kwa mikono yangu. Vuguvugu lile sitalisahau, wala ule utelezi, wala vipande vya majani vilivyobaki katikati ya vidole kama nilikuwa nalima tumboni mwa mnyama. Nikakimbia mara moja kutapika, nikanawa, nikarudi. Nilichuja kwa chujio la chai kwa kuwa ndilo tulilokuwa nalo, na papo hapo nikatangaza kwa nyumba nzima kwamba hilo limehama chai, tutanunua lingine.

"Utumbo usiukwangue sana," mama akasema. "Acha ubaki na akili yake."

Mchuzi ukawa rangi ya maji ya dimbwi. Ulichemka muda mrefu, povu la kijani likipanda, na mie nimesimama dirishani nikivuta hewa ya nje. Jirani yetu akapaza sauti juu ya ukuta, "Jamani, mmeanza kufuga?"

"Tumeanza," nikajibu.

Mama alikula bakuli la kwanza bila kuinua kichwa. La pili akala kwa ugali. Jasho likamtoka puani, akalipangusa kwa ncha ya kanga, akaomba dawa mwenyewe. Nilikaa karibu yake na ndoo, nikisubiri. Tulisubiri pamoja. Ndoo ikabaki kavu.

"Na wewe onja," akasema.

Nilitamani kukataa. Lakini nilimwona akila vyakula vyangu kwa wiki mbili kwa heshima, tonge mbili mbili, na sikuona kwa nini heshima iwe kazi yake peke yake. Nikachukua kijiko. Kwanza ni uchungu kama mwarobaini, halafu zizi linapanda puani kwa ndani, halafu kitu kinabaki kwenye koo hakishuki. Nikameza.

"Vipi?"

"Mama, kibaya. Kibaya sana."

"Afadhali umesema," akacheka. "Huyu mwanangu angesema kitamu, halafu akatema nje."

Kuanzia hapo nikabadilisha ratiba. Ijumaa ikawa sufuria mbili, yake na ya kwetu, na mchuzi wa kijani uliobaki ukampeleka Jumamosi na Jumapili, bila kuongeza chochote kwenye matumizi. Kwa mwanamke anayepanga mboga kama mie, hiyo peke yake ingetosha kukipenda kichuri. Nimejaribu. Sikipendi. Jumamosi nikipika papa mama alikuwa anahamia uani na bakuli lake la kichuri, amejiziba pua kwa kanga, na mie ndani nimeziba yangu, tunaongea kupitia dirishani.

Dawa alizimaliza. Siku anameza kidonge cha mwisho aliniletea karatasi tupu ya vidonge, akanipa mkononi kama mtu anayerudisha ufunguo. Akasafiri amenenepa shingo.

Nikadhani na kichuri kimesafiri. Ijumaa ile nikaosha utumbo kwa mtindo wangu wa zamani, majivu, ndimu, mpaka ukawa mweupe. Baba watoto akala kidogo, akachezea mchuzi kwa kijiko.

"Umefua hii?" akauliza.

Nikamwangalia. Yeye akaangalia mlangoni.

"Sijasema kitu," akasema.

Siku hizi napitia kwa muuzaji, ananipa mfuko ndani ya mfuko. Nakamua, nachuja kwa chujio lile lile, na bado natapikaga mara moja moja. Baba watoto anafunga madirisha ya upande wa jirani kabla ya kukaa mezani. Nikishampakulia, mie nayafungua.