Shikamoo kwa Nyoka

Juzi kijana wa jirani, hapa Nangara, alinionyesha nyoka anayemfuga kwenye sanduku la kioo, na mimi nikasikia harufu ya maziwa ya kibuyu.

Nilipokuwa mdogo, kule Bonga, nyoka aliingia jikoni kwetu akajikunja karibu na mafiga. Mafiga yale aliyabeba babu kutoka mtoni, ila hayo tuyaache. Mjomba akainua jembe. Bibi akamimina maziwa chini, mbele ya yule nyoka.

"Shusha jembe. Huyu ni mzee wetu, amekuja kututazama."

"Mzee gani haamkiwi?" mjomba akamcheka.

Nikadhani ananisema mimi, maana nilikuwa mdogo kuliko wote. Nikasema, "Shikamoo, babu."

Nyoka akatoa ulimi, akaurudisha, akautoa tena.

"Ameitikia," nikawaambia.

Mjomba alicheka mpaka jembe likashuka lenyewe, na nyoka akatoka taratibu mlangoni.

Yule kijana ameniambia ulimi ni wa kunusia tu, na maziwa si chakula chao. Sawa. Alipoenda kumletea nyoka wake maji, niliinamia kioo nikangoja, maana safari hii mzee ni mimi. Ulimi ukatoka.

"Marahaba," nikamjibu.