Nani Hajakuja Kukuona

Tangu Mwamini aanze kusoma sosioloji ya magonjwa, hakuna mtu kwao aliyeweza kuumwa kwa raha. Baba yake, Alfani, mwenye lori la kubeba unga na makaa kati ya Tenke na Kolwezi, alishikwa na jino, shavu likamvimba. Mwamini akamkalia mbele na kumweleza kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kuacha kazi, lakini naye ana wajibu wa kutafuta kupona, na kwamba ugonjwa hauko ndani ya mwili tu, uko pia kati ya watu.

"Huu uko mu jino, mutoto," baba akasema huku ameshika shavu. "Wacha batu."

Somo lenyewe lilifundishwa kwenye shule ya wauguzi na porofesa mmoja mwembamba, Sitwayeni (yaani Raia) Mbelu, ambaye abakosti yake, koti la kuvaliwa bila tai, ilikuwa imenyooshwa mpaka ikasimama peke yake. Siku ya kwanza aliwaambia wanafunzi kwamba kila mmoja atafute mgonjwa mmoja mtaani ambaye hajaenda hospitali, amtembelee, ajue kinachomzuia, kisha aje asimame mbele ya wenzake aeleze. Bila kuandika mbele ya watu, maana watu wakiona kalamu wanaanza kusema vizuri. "Mi nataka mutu," alisema. "Kitabu nilisoma zamani." Atakayeanguka kwa somo hilo atarudilia mwaka.

Na kwao Mwamini, mwaka haukurudiliwa. Alfani alikuwa amesema siku nyingi: ukianguka, basi, unaenda kuuza unga pamoja na mama yako soko la Manika, na kofia yako nyeupe tutafunikia sukari.

Mwamini hakuwa na wasiwasi. Mgonjwa alikuwa naye nyuma ya nyumba tu: Mama Ndaya, mjane wa mchimbaji wa mgodi wa Mashamba, ambaye mguu wake ulikuwa umevimba mpaka hawezi kukanyaga. Alilazwa juu ya mkeka, binti yake akimbandika majani. Binti aliitwa Fidélie. Kwenye karatasi za serikali jina hilo lilikuwa limekwisha kufa kama majina yote ya wazungu yaliyopigwa marufuku, lakini nyumbani halikupata habari. Hospitali hawakwenda kwa sababu shemeji wa mama, Tata Kisimba, ambaye ndiye mkubwa wa familia pale Kolwezi, alikuwa amesema hakuna kumhamisha mgonjwa mpaka kaka yake Mbayo afike kutoka Tenke. Jambo la mwili wa mtu haliamuliwi na mmoja. Na Mbayo alikuwa anakuja. Kila treni alikuwa anakuja.

Mwamini alijua adabu za kumwona mgonjwa tangu anabebwa mgongoni. Unaingia polepole, unasema pole, unakaa chini, unanyamaza. Unga wako unampa anayemlinda mgonjwa, na habari unamwuliza yeye, si mgonjwa. Ukishanyamaza vya kutosha, unaaga. Alijua yote hayo. Lakini siku ile alikuwa amevaa viatu vyeupe vya shule, na masomo yalikuwa yamempanda kichwani mpaka adabu zikakosa pa kukaa. Darasani walikuwa wamesoma kwamba mgonjwa wa muda mrefu huachwa na wenzake. Alitaka kulithibitisha hilo. Basi akaingia, akabaki amesimama, akamwuliza mgonjwa mwenyewe, kwa Kiswahili safi alichokiandaa njiani:

"Mama, nani hajakuja kukuona?"

Fidélie akavuta pumzi, mwiko ukamponyoka mkononi. Mama Ndaya akageuza uso ukutani. Mwamini akasubiri jibu, na jibu halikuja, akajisemea moyoni: naam, ameachwa huyu, mpaka maneno yamemwacha.

Kama angetumia akili aliyozaliwa nayo, badala ya ile aliyopewa kwa robo mwaka, angekumbuka ni nani huuliza swali hilo. Ni nganga. Mtu akiugua sana, nganga anamtafuta mchawi wake kwenye kioo au kwenye maji, kisha anauliza: katika watu wenu, nani hajakuja kumwona? Kwa sababu anayekaa mbali na mgonjwa anajua kwa nini anakaa mbali.

Kabla jua halijazama habari ilikuwa imeruka nyua zote. Kesho yake wakaanza kuja.

Wakaja mama za Katoliki, wakaimba. Wakaja mama za Protestanti, wakaimba zaidi. Wakaja wanaume waliotoka Mashamba na vumbi lao, bila kupitia nyumbani kuoga. Akaja hata Mama Tshibangu, ambaye hawakusemeshana na Mama Ndaya tangu mbuzi wake alipokula mboga za watu. Alisimama mlangoni akapaza sauti ili barabara nzima isikie.

"Ni mi, Tshibangu! Nilikuya! Munanionaka wote?"

"Tunakuona, mama."

"Na jana nilikuya pia, ila mulango ulikuwa mufunge."

Mama mzazi wa Mwamini, Mama Hawa, alikwenda na sufuria ya wali, na jioni akarudi tena na sufuria nyingine.

"Mama, na weye?" Mwamini akamwuliza.

"Asubui alikuwa analala," akasema mama bila kumtazama. "Pengine hakuniona."

Mama Ndaya hakupata tena nafasi ya kulala. Kila aliyeingia aliugusa mguu, aonekane amegusa. Na mgonjwa aliyeachwa na wenzake, yule wa kwenye kitabu, sasa alikuwa ndiye mtu mwenye wageni wengi kuliko wote Manika. Mwamini alijaribu kueleza. Alimshika Mama Tshibangu bombani: "Mama, ilikuwa ni masomo tu!"

"Eeh, mutoto, masomo," Mama Tshibangu akajibu, akirudi nyuma na ndoo yake. "Jina langu hukuliona, sivyo?"

Hata juu ya lori abiria walimwuliza Alfani: "Tata, binti yako anaangaliaka mu nini? Mu kioo ao mu mayi?"

"Mu kitabu," alijibu Alfani, "na haoni kitu."

Ikafika Jumapili. Tata Kisimba, ambaye alikuwa karani na aliishi upande wa pili wa mji, akaja kumtazama shemeji yake kama alivyozoea, pole pole, mikono nyuma. Akakuta uwanja umejaa. Mwamini alikuwa amejificha nyuma ya uzio wa kwao, jicho kwenye tundu.

"Karibu, Tata Kisimba," akasema Mama Tshibangu. "Tulikuwa tunakungoya. Ulibakia weye tu."

"Mi... sisi tunangoya Mbayo," akasema Kisimba.

Walimtazama tu, wote, na wale waimbaji pia. Jasho likamtoka mpaka kwenye kola.

"Sasa munakaliaka nini apa?" akapiga kelele ghafula. "Mama anakufa, munaimba! Alfani eko wapi? Alete lori! Mbayo atatukuta kule kule hospitali!"

Lori likaja. Mgonjwa akapandishwa, na nyuma yake wakapanda wote, maana nani angekubali kuonekana amebaki? Baadaye Alfani alisimulia kwamba muuguzi wa mlangoni, alipoona watu wanavyoshuka bila kwisha, aliuliza mgonjwa ni yupi. Daktari aliupasua mguu, usaha ukatoka, akasema umeokoka kwa bahati.

Siku ya kueleza, Mwamini alikuwa amekwisha kuipaka habari hiyo rangi. Barnabé, aliyemtangulia, alieleza habari za mgonjwa wake kwa dakika chache akaketi. Mwamini akasimama, akaanza: jinsi alivyoiamsha jamii, jinsi alivyoivuta familia...

"Sitwayene," Mbelu akamkata, "uliuliza swali gani?"

Akalitaja. Darasa zima likavuta pumzi kama Fidélie. Pale rangi ikamwisha. Akasimulia yote jinsi yalivyokuwa, viatu vyeupe na tundu la uzio. Mbelu alicheka mpaka akavua miwani.

"Na weye," akauliza akiifuta, "toka siku ile, ulirudia kumuona?"

Mwamini hakuwa amerudi. Aibu ilimfunga.

"Basi nani hayakuya?"

Walicheka mpaka darasa la jirani likagonga ukuta. "Pointi zako ziko kule hospitali," akasema Mbelu. "Zifuate."

Alikwenda jioni ile, bila viatu vyeupe, na unga ndani ya kitambaa. Akaingia polepole. Akasema pole. Akampa Fidélie unga, akamwuliza yeye habari.

Mama Ndaya akamgeuzia uso.

"Ulibakia weye tu," akasema. Kisha akasogeza mguu wenye bendeji kumpa nafasi. "Kaa. Lakini usiniulize kitu."

Mwamini akakaa. Swali moja lilikuwa linamwasha ulimini, zuri sana, la kitabuni kabisa. Akalimeza. Lilishuka kama dawa ya mchango, na kwa hilo, kama Mbelu alivyosema baadaye, akapewa pointi za kupita na si moja zaidi.