Kidonge Kisicho na Faida

Mimi nauza maharage soko la Uyole, na meza yangu imegusana na ya Yusta, muuza viazi. Miaka yote hii sijamsikia akigombana na mteja. Kazi ya kugombana ananiachia mimi.

Binti yake, Goodness, ana kifafa. Lakini msimwonee huruma haraka: alikuwa anameza kidonge kila jioni, na kwa kidonge hicho alikaa mwaka mzima bila kuanguka, akajifunza cherehani, akaanza kushona sare za shule. Madukani kilikuwa hakipatikani. Aliyemletea ni Kalinga, dereva wa lori wa Ipogolo, akikitoa ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Akishusha pakiti, Yusta anamjazia ndoo ya viazi na kumwambia ndaga, asante ya kwao, mpaka mwanaume wa watu anaona aibu.

Halafu ikaja sheria mpya. Redio ikatuimbia kutwa: uagizaji wa dawa umefunguliwa, wafanyabiashara washindane, uhaba kwisha. Na anayevusha dawa mpakani bila kibali, akamatwe. Mimi mjinga nikafurahi.

Kalinga akaja mikono mitupu. "Mama Goodness, nisamehe. Wakinikuta nayo, leseni yangu imekwenda. Lakini si maduka yamefunguliwa?"

Kweli yalifunguliwa. Pale barabarani tu yaliota matatu, yanatazamana. Tuliyazunguka yote, mimi na Yusta. Rafu zimejaa vitamini za kila rangi, dawa za kikohozi, za kunenepesha, na za nguvu za kiume ndiyo usiseme. Jackline, muuzaji wa duka la mwisho, angalau alisema ukweli.

"Mama, hicho kidonge bei yake ndogo mno na wanaokitafuta wachache. Nani ataweka mtaji wake hapo? Wote wanaagiza kinachotoka haraka."

"Kwa hiyo mwanangu afanyeje?" Yusta aliuliza taratibu, kama anayeulizia bei ya chumvi.

 Mimi nilimtukana Jackline, Mungu anisamehe, na kosa halikuwa lake.

Vidonge vilivyobaki Yusta akawa anavikata nusu ili vifike mbali. Daktari alimkataza, ila hakumwambia vingine atavipata wapi. Nusu nazo zikaisha. Ilikuwa Juni, na baridi ya huku haina mchezo, jiko la mkaa linawashwa mapema. Goodness alikuwa peke yake akipuliza moto. Alianguka kwa mbele. Tulimkuta mkono wa kulia uko ndani ya makaa.

Ule mkono hautashona tena. Yusta hakulia, na mimi niliumia zaidi kwa kuwa hakulia.

Hospitali walituandikia dawa ya kupaka kwenye kidonda. Nilitoka nimejiandaa kuhangaika mji mzima. Hatukuhangaika. Maduka yote matatu yalikuwa nayo, ya kila aina, na wauzaji walitoka mpaka mlangoni kutuita, huyu akishusha bei chini ya yule.