Kigango Sebuleni

Harufu ya nta ya kung'arishia mbao hunitisha mpaka leo. Juzi niliinusa dukani Ilford, huku ughaibuni nilikokulia, nikakiacha kiti nilichokwenda kununua.

Mama alikuwa akisafisha nyumba ya Mzungu mmoja, mkusanyaji wa vinyago. Siku moja shule ilipofungwa alikwenda nami. Sebuleni nyuso zilinikodolea macho kutoka kila ukuta.

"Usiogope, ni mbao tu," mama alicheka huku akipaka nta.

Alipofika pembeni, kitambaa kikamdondoka. Palisimama ubao mrefu wenye kichwa cha duara, chini ukiwa bado na udongo mwekundu.

"Kigango," alinong'ona. "Kwetu husimikwa kwa ajili ya mzee aliyekufa. Ni yeye mwenyewe. Hang'olewi."

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kwamba ni mbao tu. Akaniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka nta. Kisha akavua viatu.

"Babu, si sisi tuliokuleta huku," akasema. Akanisukuma mbele. "Mwamkie."

"Shikamoo, babu," nikasema, nikaziba masikio upesi, nisije nikasikia marahaba.