Pamba Mbele ya Rejeta

Kila nikipiga pasi shati la pamba lenye unyevu, ule mvuke unanirudisha barabara ya Kagongwa, juani, pikapu ya baba ikichemka kwa mara ya tatu.

Mdogo wangu alikuwa mgongoni kwa mama, amelegea kwa homa, na hospitali ilikuwa bado mbali.

“Fundi kabadilisha gasketi, kabadilisha pampu ya maji!” baba alifoka, kana kwamba sisi ndio tulioshika spana. “Sasa inataka nini?”

Mama alinipakatisha mtoto, akainama mbele ya gari. Msimu mzima pikapu ile ilishinda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ambako nyuzi huruka kama vumbi. Akaingiza vidole mbele ya rejeta, akavuta. Likatoka blanketi zima la pamba, jeusi, la moto, linanuka kuungua.

“Imezibwa pua. Itapumuaje?”

Injini ilipopoa baba alijaza maji, tukaondoka.

“Mshale wa joto umeshuka!” alisema hatimaye.

Mama hakuutazama. Kiganja chake kilikuwa kwenye paji la uso la mdogo wangu.

“Huku haujashuka,” alisema. “Kimbiza gari.”