Mkono wa Kulia wa Mzee Stambuli

Kwa miaka saba, kila jioni, Stambuli Abdulatif alinawa mikono mara saba, mojawapo kwa udongo, kabla ya kuingia nyumbani kwake Bigwa. Mkewe, Shadya, alimpokea mlangoni kwa swali lile lile: "Mke mwenzangu amekula?"

Mke mwenza huyo alikuwa Malkia, mbwa jike aina ya rotwaila, kilo arobaini na tano, mweusi, mwenye mabaka ya kahawia juu ya macho. Alilinda mabanda ya kuku ya mjane Anastasia, na Stambuli, mfanyakazi wa hapo, ndiye aliyemlea mbwa huyo. Alimtoa kupe masikioni. Alimlisha mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, kwa kuwa mbwa mkubwa akila kwa pupa kisha akakimbia, tumbo hujaa hewa, likajisokota, na mara nyingi hafiki jioni.

Mwaka wa kwanza wezi walirusha nyama yenye sumu. Mbwa wawili wa jirani walikufa. Tangu hapo Stambuli alimfundisha Malkia asiguse chakula mpaka mkono wake wa kulia uguse bakuli na yeye atamke, "Haya." Wezi walirudi mara mbili. Nyama yao ilikutwa asubuhi imejaa sisimizi.

Aprili mwaka huu Stambuli alipata kiharusi. Kilichukua nguvu na hisia za upande wote wa kulia, na sauti.

Siku ya sita Anastasia alikuja kumwona.

"Shikamoo, mzee. Malkia hali. Anakunywa maji tu. Daktari wa mifugo anasema asipokula leo, kesho tumpumzishe kwa sindano."

Stambuli alianza kutafuta viatu kwa mguu mmoja.

Yeye na Shadya walimpeleka mabandani kwa bajaji. Malkia, mbavu zikihesabika, alimwona, akajikokota mpaka kwenye bakuli, akaketi kama alivyofundishwa.

"Aaa," alisema Stambuli. "Aaa."

Akagusa ugali na dagaa kwa mkono wa kushoto. Malkia aliutazama mkono huo. Mate yalimdondoka, lakini hakusogea.

Shadya, aliyeogopa najisi ya mate ya mbwa, hakuwahi kumkaribia Malkia hata siku moja. Sasa alikumbuka masimulizi ya mumewe, akapiga magoti, akauinua mkono wa kulia wa mumewe, uliolegea kama nguo iliyolowa, akauweka ndani ya bakuli.

"Haya," alisema. "Kula, mke mwenzangu."

Malkia aliunusa mkono. Akaulamba kidole kimoja kimoja, ndipo akala.

Stambuli aliutazama ulimi ukipita juu ya ngozi yake. Machozi yalimtoka.

Shadya alimwambia dereva wa bajaji arudi saa kumi na moja jioni, maana kulikuwa na mlo wa pili. Kisha akaomba maji na udongo, akamwosha mumewe mkono ule, akihesabu kwa sauti. Alipofika saba, alimwuliza kama maji yalikuwa ya baridi.

Stambuli alitikisa kichwa. Hakujua.