Jogoo wa Isongole na Tetea Aliyewika

Jogoo wetu wa zamani alichukuliwa na mnyama mchana kweupe, mvua ikinyesha, tukabaki na mitetea tu. Baada ya muda, asubuhi moja nikasikia kuwika bandani. Nilidhani jogoo wa jirani ameingia. Nilipochungulia nikamkuta tetea wetu mkubwa mweusi amenyoosha shingo, anawika kwa sauti ya kukwaruza kama mtu mwenye mafua. Alipomaliza akaendelea kuchakura.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye hapa Lupepo, hakutaka maelezo.

"Mwanangu, kuku jike hawiki. Huo ni mkosi. Mchinje leo leo."

"Lakini mama, si ndiye alikuwa anataga kuliko wote?"

"Sasa hivi anataga?"

Alikuwa ameacha kutaga. Mume wangu akasema kinachokosekana ni dume tu, akiletwa jogoo, huyu mweusi atanyamaza. Mama alisema kwa uhakika, mume wangu naye kwa uhakika. Mimi nilibaki katikati.

Jumapili baada ya ibada mume wangu alipanda bodaboda hadi Isongole, akarudi na jogoo mwekundu, mrefu, miguu minene. Tulimfunika kwa tenga katikati ya uwanja ili wenzake wamzoee kwanza. Mitetea walimzunguka, wakachungulia, wakaenda zao. Yule mweusi akaruka juu ya tenga na kuwika pale pale. Jogoo chini akainamisha kichwa. Mume wangu alicheka, peke yake.

Tulipomfungulia, mweusi alimrukia kabla hajatembea vizuri. Wengine wakaingilia. Kishungi cha mgeni kikatoka damu, naye akakimbilia migombani na kundi zima nyuma yake. Nilinyakua fagio nikawafuata, nikipiga huku na huku.

"Unampiga nani?" mama aliniuliza kutoka mlangoni.

"Hata sijui, mama."

Jioni jogoo alikataa kuingia bandani, akalala juu ya mparachichi, akilowa mvua. Mume wangu akaanza kusema ameuziwa kuku mgonjwa. Kilichonishangaza ni mama. Asubuhi nilimkuta chini ya mti na kiganja cha mahindi, anamwita jogoo kwa Kinyakyusa, taratibu, kama anavyowaita wajukuu. Akafanya hivyo kila siku, na jogoo akawa anashuka anapomsikia yeye tu.

Sijui walipatana lini. Siku moja nilitoka kumwaga maganda ya ndizi, nikamwona jogoo anakula bega kwa bega na mweusi, hakuna anayemsukuma mwenzake. Nilisimama na beseni, nikingoja ugomvi. Haukutokea. Lakini kuwika hakukuisha: mweusi anaanza, mwekundu anafuata, wakati mwingine kinyume. Nikiwa kitandani nashindwa kuwatofautisha.

Kisha tetea mmoja wa madoa akaangua vifaranga, kadhaa wekundu. Mama akainama, akawatazama.

"Basi, huyu jogoo ni dume kweli."

"Na yule mweusi, mama? Nimchinje?"

"Mwache."

"Si ulisema ni mkosi?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikitafuta jibu mahali ambapo halipo.

"Mwache tu," akasema, akaenda kuwatafutia vifaranga chenga za mahindi.